Mjadala: Kiangazi hiki viwanja vya gofu vya Dar es Salaam vimwagiliwe, au maji yafike mitaani kwanza?

Mkazi wa Kimara: Wakuu, bomba la mtaani kwetu limekauka, maji tunanunua kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni. Juzi napita mjini, mchana jua kali, nakuta vinyunyizio vinazunguka kwenye uwanja wa gofu. Mwaka 2022 Mto Ruvu, tunakopata maji, ulipopungua, jiji zima tuliingia mgao. Kwa nini nyasi nazo zisiingie? Ziachwe zikauke, masika zitaota zenyewe.

Mtunza Nyasi: Mkuu, ulichokiona mchana ni kupoza griini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo. Ni dakika chache tu, maji hata hayafiki kwenye mzizi. Kumwagilia kwenyewe ni usiku kuelekea alfajiri, kabla jua na upepo havijayala maji. Nimefanya kazi hii Dubai, joto linapita nyuzi 40, na nyasi wanayoitumia sana, Bermuda, ni jamii ya ukoka huu huu unaoota pembeni ya barabara zetu. Tena kiangazi ndio msimu wa kuutengeneza: wanatoboa matundu kwa mashine, wanamwaga mchanga, wanafunga uwanja siku kadhaa, kwa sababu ukoka hupona haraka kwenye joto. Na viwanja vya kule vinatumia sana majitaka yaliyosafishwa.

Mkazi wa Kimara: Jangwa la Marekani je? Las Vegas wanalipa watu wang'oe nyasi, na kuna sheria ya 2021 inayokataza nyasi za mapambo kumwagiliwa maji ya Mto Colorado kuanzia 2027.

Mtunza Nyasi: Za mapambo, umesema mwenyewe. Nyasi za kuchezea gofu hazimo. Viwanja vya gofu vya kule vimewekewa kiwango cha maji kwa mwaka.

Dada wa Mbagala: Mnatupeleka Dubai na Las Vegas, sisi tunaamka saa tisa usiku kusikilizia bomba. Watu wazima mnafukuza kimpira kiingie shimoni, mtoto wa mwenzio amekubebea fimbo juani, halafu tunaambiwa ukoka hupona haraka!

Mbeba Fimbo: Dada yangu, hapo umenigusa. Mimi si mtoto wa mwenzio, nina familia. Fimbo hizo ndizo zinazolipa ada ya wanangu. Kedi mzuri, yaani mbeba fimbo, anajua mteremko wa kila griini, anajua upepo wa kusi unaupeleka mpira wapi. Mchezaji ananiuliza mimi kabla hajapiga.

Dada wa Mbagala: Kaka yangu, sijakudharau, nimewasema wao. Una mkataba? Una bima?

Mbeba Fimbo: Sina. Nalipwa na mchezaji tukimaliza mashimo 18. Mvua ikikatisha mchezo, narudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana nikisikia "ziachwe zikauke" moyo unanipasuka. Griini zikifa wachezaji hawaji, na wa kwanza kulala njaa ni sisi.

Kijana wa Msasani: Kwanza uwanja ninaochezea mimi una kisima chake. Haugusi tone la Ruvu. Kimara inanyang'anywa nini?

Fundi Pampu: Kisima si maji ya bure, ndugu. Ukanda wetu wa pwani maji baridi yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa nguvu kiangazi chote, chumvi inapanda, na visima vya majirani navyo vinaharibika. Chumvi ikijaa kwenye udongo inabidi umwage maji mengi zaidi kuisukuma chini, kwa hiyo unavuta tena. Jiji hili lina mabwawa ya majitaka, yapo Vingunguti, Mikocheni, Lugalo. Maji yale yakisafishwa vizuri yanatosha nyasi. Na kama chumvi imeshaingia, kuna nyasi ya paspalum inayoivumilia kuliko ukoka. Hii ndiyo hoja ya kukaa nayo mezani.

Kijana wa Msasani: Kwa hiyo sasa Msasani ndio tumeharibu maji ya jirani? Kila kitu sisi! Kuhusu makedi, mbona dereva wa bodaboda naye hana mkataba na hamsemi kitu? Mimi namlipa wangu vizuri na sikukuu simsahau.

Dada wa Mbagala: Zawadi ya sikukuu si mshahara, kaka. Bodaboda akigoma kwenda na wewe ana abiria mwingine. Kedi akigombana na mchezaji mmoja mkubwa, kesho haitwi.

Mbeba Fimbo: Hilo ni kweli kabisa.

Mkazi wa Kimara: Jamani, hoja yangu ilikuwa maji. Fundi Pampu amesema neno zito, hakuna aliyemjibu.

Mtunza Nyasi: Tutarudi huko. Lakini na sisi wa mashine tusisahaulike. Tunaanza kazi saa kumi alfajiri, tunanyunyizia dawa wengine bila barakoa, na hakuna anayetuuliza.

Dada wa Mbagala: Basi wachezaji mliomo humu mjibu moja. Kedi akiteguka mguu shimo la 12, nani anampeleka hospitali?

Kijana wa Msasani: Nampeleka mimi, kwa gari langu na kwa pesa yangu. Nilishafanya hivyo.

Mbeba Fimbo: Tunakushukuru, bosi. Na siku akiwa na mchezaji ambaye si wewe?