Gereji Lindi: oili isifike kwenye mikoko, chemba iwe kubwa kiasi gani?

Mtaro wa Pwani: Wakuu, gereji ya mita za mraba 400 Lindi mjini, mtaro wake unamwaga kwenye mikoko. Mvua ikinyesha, maji yanatoka yakimeremeta oili. Fundi anapendekeza shimo la kunyonya la mita 3, eti ardhi ni kichanga. Litafaa?

Fundi Chemba: Shimo achana nalo. Kichanga hupitisha oili pamoja na maji, na visima vya majirani ndivyo vitakavyoipokea.

Jenga chemba ya kutenganisha oili na maji, ila punguza maji kwanza. Mvua ya milimita 50 kwa saa kwenye eneo lote hilo ni lita 20,000. Ukitaka yatulie nusu saa, unahitaji chemba ya lita 10,000. Hela hiyo unayo? Maji ya paa yapitishe pembeni, kisha zungushia tuta la zege la sentimita 10 pale panapomwagika oili tu. Pakiwa mita za mraba 60, zinatosha lita 1,500: urefu mita 2.4, upana 0.8, kina cha maji 0.8.

Pa kutokea weka kiungo cha bomba chenye umbo la T, cha inchi 4, mguu wake ushuke hadi sentimita 30 kutoka sakafuni. Juu iache wazi. Ukiziba, bomba litafyonza chemba yote. Na ijaze maji safi kabla ya kuanza, la sivyo oili ya kwanza itapita chini kwa chini.

Mlilana: Maji ya kuoshea injini yasiingie humo kabisa! Sabuni huvunja oili kuwa vitone visivyoelea, vinapita vyote. Weka pia kishimo cha kunasa mchanga kabla ya chemba. Mchu, aina ya mkoko, hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza topeni. Vikipakwa oili au kufukiwa mchanga, mti unakufa.

Halafu pima umbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Mtaro wa Pwani: Nitajuaje imejaa?

Fundi Chemba: Chovya mpira wa maji wa plastiki unaoonyesha ndani, ziba juu kwa kidole gumba, vuta. Tabaka la oili utaliona. Likifika sentimita 5, au tope 20, safisha. Novemba, kabla mvua hazijaanza, safisha hata kama haijafika. Oili iwekwe kwenye pipa lenye kifuniko, wanunuzi wa oili chafu wapo.