Dai langu la bega limekataliwa: nikate rufaa au niombe lipitiwe upya? Naomba ushauri

Mzinga155: Wakubwa shikamooni, na rika langu nawasalimu. Nilipata kadi ya kijani kwa bahati nasibu, nikatumikia Jeshi la Marekani kuanzia mwaka 2013 hadi 2017 katika kikosi cha mizinga, Fort Hood, Texas. Kazi yangu ilikuwa kubeba makombora ya milimita 155, na kila moja lina uzito unaozidi kilo 40. Siku moja ya mwaka 2015 kombora liliniteleza nikiwa nimelinyanyua, nikasikia kitu kimekatika ndani ya bega la kulia kama kamba mbichi. Leo mkono ukifika usawa wa bega naanza kutetemeka, na sahani za kabati la juu hushushwa na mke wangu. Nilidai fidia ya ulemavu kwenye idara ya maveterani (VA), na barua niliyopokea inasema hakuna uhusiano kati ya bega langu la sasa na utumishi wangu. Nimeshajaza fomu 20-0996 ili afisa wa ngazi ya juu alipitie dai, na daktari wangu yuko tayari kuniandikia barua. Je, nitarajie asilimia ngapi za ulemavu?

Mama Neema, Houston: Pole sana, mdogo wangu. Mume wangu alipewa asilimia 20 kwa bega la kushoto, kwa sababu mkono wake ulikuwa unaishia digrii 90, yaani usawa wa bega. Mkono unaoishia katikati ya ubavu na bega hupewa 30 ukiwa ndio mkono unaoutumia zaidi, na 20 ukiwa ule mwingine. Daktari alimpima kwa kifaa kama rula yenye bawaba, naye siku hiyo akajikaza kiume na kuupandisha mkono huku jasho likimtoka. Nilimgombeza njia nzima tukirudi nyumbani. Ukipimwa, sema pale maumivu yanapoanzia, na ueleze hali inavyokuwa siku mbaya.

Mzee wa Tacoma: Asilimia huja baada ya uhusiano kukubaliwa, na wewe umekwama kwenye uhusiano. Pili, fomu uliyojaza hairuhusu ushahidi mpya, kwa hiyo barua ya daktari wako haitasomwa. Tangu Februari 2019 njia ni tatu: kupitiwa upya na afisa wa ngazi ya juu kwa ushahidi uleule; dai la nyongeza, fomu 20-0995, lenye ushahidi mpya unaohusika; au Bodi ya Rufaa, fomu 10182, ambako unachagua uamuzi wa moja kwa moja, kupeleka ushahidi ndani ya siku 90, au kusikilizwa na jaji. Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, la sivyo unapoteza tarehe ya awali ya kuhesabiwa malipo. Sasa tunukulie sababu aliyoitoa mpimaji, yule daktari aliyekupima kwa ajili ya dai.

Mzinga155: Ameandika tu kwamba ushahidi hautoshi, mzee.

Mzee wa Tacoma: Mpimaji lazima atoe sababu. Bega hilo lilitibiwa lini kwa mara ya kwanza?

Mzinga155: Mwaka 2019. Nilikuwa nafanya kazi ghalani, sanduku likaniangukia mkononi. Daktari aliponiuliza maumivu yalianza lini nilimwambia wiki ile, kwa sababu nilihitaji fidia ya mwajiri na mtoto wangu alikuwa na miezi miwili tu. Mpimaji ameinukuu karatasi ya daktari huyo. Ndiyo maana nimechagua njia isiyo na maswali mapya. Na sikusema uongo kuhusu jeshi. Bega lilikuwa bovu kabla ya ghala.

Mama Neema, Houston: Mwanangu, hilo ndilo ungeanza nalo. Hukumu hufuata karatasi, na karatasi hiyo tayari imo ndani ya faili.

Mwana wa Kilifi: Samahani, sisadiki habari hii. Kitu kimekatika begani, kisha umebeba makombora miaka miwili mingine bila karatasi hata moja ya zahanati? Naona kuna mtu anatunga kisa ili tumpangie maneno ya kumwambia jaji.

Dada Rehema: Kaka, usihukumu mambo ya kambini usiyoyajua. Nilifanya kazi ya ufundi wa magari jeshini kwa miaka sita, na aliyekwenda zahanati mara kwa mara alionekana mvivu. Tulimeza vidonge vya maumivu tukarudi chini ya gari. Tena mahakama ilishaamua mwaka 2006, katika kesi ya Buchanan, kwamba maelezo ya askari hayatupwi kwa sababu tu hakuna rekodi ya wakati ule.

Mwana wa Kilifi: Maelezo ya mtu aliyemwambia daktari jambo jingine yana uzito gani?

Mzinga155: Swali lako limeniuma, lakini limenifanya nifungue sanduku la karatasi usiku huu. Nimekuta nakala ya fomu 2807-1, ile ya historia ya afya, niliyojaza nilipokuwa naondoka mwaka 2017. Pale inapouliza kuhusu maumivu ya bega, kiwiko au kifundo cha mkono nimeweka alama ya ndiyo, na chini nimeandika kwa mkono wangu: bega la kulia, tangu mazoezi ya 2015. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mwana wa Kilifi: Kama ni hivyo, nakuomba radhi, ndugu yangu.

Mzee wa Tacoma: Karatasi hiyo imeandikwa miaka miwili kabla ya ghala, wakati hukuwa unadai chochote. Omba nakala ya faili lako lote. Ikiwa fomu hiyo ilikuwamo na mpimaji hakuigusa, maoni yake yana kasoro, na kesi za namna hiyo Bodi huzirudisha zikapimwe upya. Ikiwa haikuwamo, hiyo ndiyo ushahidi mpya, na njia yako ni dai la nyongeza. Daktari wako asome karatasi zote, ya 2017 na ya 2019, kisha aeleze kama sanduku lilianzisha jeraha au lilizidisha lililokuwapo. Hahitaji kuwa na hakika kamili. Inatosha aseme uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, na atoe sababu. Barua isiyo na sababu haina uzito.

Mzinga155: Fomu ya 20-0996 nimeichana. Nina miadi na daktari Alhamisi. Ile ya ghala nayo nimpelekee, mzee?

Mzee wa Tacoma: Mpelekee zote mbili. Ya 2017 iwe juu.