Naomba ushauri: kisima changu kinanuka petroli
Wakuu, habari za jioni. Nina kisima cha mita kama 14 hapa nyumbani, na upande wa juu wa mteremko kuna kituo cha mafuta. Tangu masika iishe, maji yananuka petroli. Juzi niliyaacha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi juu kuna utando unaong'aa rangi rangi. Meneja anasema matangi yake ni mazima. Sawa, ila hajayapima mbele yangu.

Kunywa tumeacha. Mama mkwe alitaka tuchemshe, nikakataa: benzini, ile kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, inageuka mvuke, tutaivuta humo humo jikoni. Na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho pua haiwezi kukinusa, kwa hiyo hata harufu ikiisha siamini.

Aliyewahi kupimisha anisaidie. Sampuli naweka kwenye chupa ya kioo, najaza hadi mdomoni bila hewa, nahifadhi kwenye barafu, nimekosea? Udongo kati ya kituo na kisima nao uchimbwe upimwe? Nianzie NEMC (baraza la mazingira) au ofisi ya bonde la maji? Nikijichukulia sampuli mwenyewe, naogopa wataniambia petroli nimeitia mimi.