Mhandisi akisema "wáng yáng bǔ láo", fundi amelaumiwa au ametiwa moyo?

Mkalimani wa Mtumba

Wakuu, habari za saa hizi. Swali kwa wanaokijua Kichina. Nafanya ukalimani kwenye saiti ya ujenzi huku Mtumba, Dodoma. Saruji, nondo, posho, hayo hayanisumbui. Shida ni pale mhandisi anapodondosha msemo wa maneno manne katikati ya kikao, watu wote wananigeukia mimi.

Mfano: plasta imepasuka kwa sababu haikumwagiliwa maji ya kutosha, mhandisi akamwambia fundi mkuu *wáng yáng bǔ láo* (亡羊补牢). Neno kwa neno ni kupoteza kondoo, kukarabati zizi. Kamusi yangu ya Kichina na Kiingereza inaulinganisha na ule msemo wa Waingereza wa kufunga banda wakati farasi keshakimbia, yaani kazi bure. Lakini mhandisi hakuonyesha hasira. Ni lawama au ni nini? Na nyie mnatumia njia gani misemo hii ikija ghafla?

Binti wa Makulu

Ametiwa moyo, mkuu. Kamusi ndiyo imekuponza. Asili yake ni kitabu cha *Zhanguo Ce*, mkusanyo wa hoja na mikakati ya enzi za falme zilizopigana kabla ya China kuunganishwa mwaka 221 KK. Zhuang Xin anamwambia mfalme wa Chu, ambaye mji wake mkuu umeshatekwa na ufalme wa Qin, kwamba ukimwita mbwa baada ya kumwona sungura hujachelewa, na ukikarabati zizi baada ya kondoo kupotea vilevile hujachelewa. Hilo "hujachelewa" mara nyingi halitamkwi siku hizi kwa sababu kila aliyesoma shule China analijua. Kiingereza kina mifugo na banda, ila kinaelekea upande wa pili kabisa.

Kwa fundi sema: "Hasara imeshaingia, lakini tukirekebisha sasa hatujachelewa." Ukitaka methali, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" iko karibu, ila haina sharti la kurekebisha, kwa hiyo liongeze mwenyewe. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" iache, hasa mkiwa mmesimama mbele ya ukuta wenye ufa. Hiyo inaonya kabla ya hasara. Ya Kichina inasemwa baada.

Kuhusu njia: misemo ya aina hii inaitwa *chéngyǔ*, na mingi ina herufi nne zisizobadilishwa mpangilio. Ukiusikia, usikimbilie picha ya kondoo au nyoka. Jiulize kwanza unasifu au unakosoa. Kamusi nzuri za Kichina kwa Kichina huandika *bāoyì* kwa wa sifa na *biǎnyì* kwa wa kukosoa, na hilo ndilo kamusi nyingi za Kiingereza huliacha. Kisha jiulize anayepimwa ni nani: msemaji, msikilizaji, au mtu asiyekuwepo. Ukishayajua hayo mawili, hata ukisema kwa Kiswahili kikavu kisicho na methali, kikao hakitaharibika.

Chukua *duì niú tán qín* (对牛弹琴), kumpigia ng'ombe kinanda cha nyuzi. Sisi tunampigia mbuzi gitaa, kwa hiyo tafsiri inakuja yenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo. Wachina huutumia kumdharau asiyeelewa, lakini pia kumkosoa mpigaji aliyeshindwa kuchagua wa kumpigia. Mhandisi akiusema kuhusu maelezo yake mwenyewe, anaweza kuwa anakiri ameeleza vibaya. Ukitamka "mbuzi" mbele ya vibarua ishirini, umeanzisha ugomvi ambao haukuwepo.

Mwingine wa saiti ni *huà shé tiān zú* (画蛇添足), kuchora nyoka ukamwongeza miguu. Watu walishindania pombe isiyowatosha wote, wa kwanza kumaliza kuchora nyoka anywe. Aliyemaliza mapema akaanza kuchora miguu. Mwenzake akamaliza, akamnyang'anya kikombe akimwambia nyoka hana miguu. Usiseme "kutia chumvi". Kutia chumvi ni kukuza maneno, huu ni kuharibu kazi iliyokamilika kwa nyongeza isiyotakiwa.

Duka la Majengo

Niongeze ya mtaani, kwa sisi wa biashara:

*Chǎo yóuyú*, kukaanga ngisi: kufukuzwa kazi. Ngisi akikaangwa hujikunja kama mtu anayekunja matandiko yake aondoke.

*Chī cù*, kunywa siki: wivu, lakini wa mapenzi tu. Kijicho cha mali ya jirani ni *yǎnhóng*, macho mekundu. Kwa Kiingereza watu huchanganya yote mawili, Kiswahili kinatenganisha vizuri tu.

*Pāi mǎpì*, kupiga farasi makalio: kujipendekeza kwa bosi. *Chuī niú*, kupuliza ng'ombe: kujisifu.

*Jiāyóu*, ongeza mafuta: "kaza!" Ila ukiwa kituo cha mafuta maana yake ni mafuta kweli.

Halafu mawili ya kuchunga. *Èrbǎiwǔ*, 250, ni tusi la mpumbavu, hivyo bei ya yuan 250 punguza iwe 248 au pandisha. Laki mbili na nusu haina shida, kwa sababu wao wanahesabu kwa makumi elfu, inasomeka 25 *wàn*. Na kofia ya kijani, *lǜ màozi*: mwanaume "kuvaa kofia ya kijani" ni kwamba mkewe anatoka nje ya ndoa. Hapa makao makuu ya chama cha CCM kofia hizo zimejaa kila kona, hakuna tatizo. Ukimpa Mchina kama zawadi, mweleze kwanza ni ya nini.

Mzee wa Nkuhungu

Binti wa Makulu ameeleza vizuri, ila kanuni ya sifa na kukosoa ina mashimo. *Chā qiáng rén yì* (差强人意): kamusi inasema "inaridhisha kiasi", na ndiyo maana sahihi, kwani *chā* hapo ni "kwa kiasi fulani". Lakini *chà* kwa toni nyingine ni "mbovu", kwa hiyo Wachina wengi wenyewe huutumia kwa maana ya "hairidhishi". Ukiukuta kwenye ripoti ya ukaguzi, usitafsiri mpaka umuulize aliyeandika kama kazi imepita au haijapita. Hakuna aibu katika swali hilo.

Na *mǎmǎhūhū*, farasi farasi simbamarara simbamarara. Akiulizwa afya ni "hivyo hivyo tu". Akiisema kuhusu kazi, anamaanisha mtu amelipua. Neno *chàbuduō*, "karibu sawa", kwenye vipimo usilipokee hivyo. Mwombe namba kwa sentimita.

Mkalimani wa Mtumba

Shukrani sana wakuu. Na ile wanayotamka nusu kisha wanacheka?

Binti wa Makulu

Hiyo ni *xiēhòuyǔ*. Nusu ya kwanza ni fumbo, ya pili ni jibu, na jibu huachwa. "*Wàisheng dǎ dēnglong*", mpwa kashika taa. Jibu ni *zhào jiù*: anammulikia mjomba. Lakini *jiù* ya mjomba inasikika sawa na *jiù* ya "zamani", na *zhàojiù* ni "kama kawaida". Mjomba huyu ni kaka wa mama, sawasawa na wa kwetu. Kiingereza hakina neno lake la peke yake, ndiyo maana utani unapotea huko. Kwenye kikao tafsiri jibu tu: ratiba ni ileile.

Mingine haichezi na sauti. "*Zhú lán dǎ shuǐ*", kuteka maji kwa kikapu cha mianzi, jibu "*yì cháng kōng*", patupu. Huo umpe "kutwanga maji kwenye kinu" bila wasiwasi.

Mzee wa Nkuhungu

Na ukitaka kuijaribu mwenyewe, usiweke *hěn* ("sana") mbele ya chéngyǔ. Hawasemi "*hěn xiōng yǒu chéng zhú*", kwa sababu kiasi kimeshamo ndani ya msemo. Ukiambatana na kitendo weka *de* (地) katikati: *xiōng yǒu chéng zhú de shuō*, alisema kwa uhakika wa mtu mwenye mpango kamili. Kwa kazi inayoharakishwa una *yù sù zé bù dá*, ambao ni wa herufi tano, maneno ya Confucius kwa mwanafunzi wake Zixia alipokuwa mkuu wa Jufu. Huo ni "haraka haraka haina baraka", na mhandisi hatahitaji maelezo. Pale UDOM kuna Taasisi ya Confucius. Toni za hii misemo kajifunzie kwa mwalimu, kwenye maandishi hatuwezi kukusikia.