Mnara wa Elizabeth ubaki, lakini Muhumuza naye apewe nafasi Kampala

Ndugu wachangiaji, Februari 2025 Mahakama Kuu ya Kampala iliiamuru Mamlaka ya Jiji, KCCA, kuondoa majina na alama za wakoloni mjini. Kwa maoni yangu, mtihani mgumu kuliko yote ni Mnara wa Saa wa barabara ya Entebbe, uliojengwa kwa heshima ya ziara ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Wanaotaka ubomolewe wana sababu zao, na wanaosema kuubomoa ni kufuta historia wana zao. Mimi nataka ubaki, lakini kwa masharti.

Tukumbuke Aprili ile ilivyokuwa. Malkia alipokuja kuzindua bwawa la umeme la Owen Falls kule Jinja, Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa uhamishoni Uingereza, alikopelekwa kwa nguvu na Gavana Andrew Cohen Novemba 1953, na Baganda hawakumpata tena hadi Oktoba 1955. Kampala ilimjengea mnara malkia wa watu wengine huku mfalme wa Buganda akiwa amenyang'anywa nchi yake. Hilo ningependa lichongwe kwenye jiwe chini ya mnara kwa Kiganda, Kiingereza na Kiswahili (ambacho kikatiba ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, ingawa ukisoma mabango ya mji huu hutaamini), pamoja na jambo la pili, kwamba enzi za Idi Amin watu walipigwa risasi hadharani hapo hapo. Leo abiria anamwambia kondakta wa teksi “maaso awo” (hapo mbele), anashuka Clock Tower na kwenda zake bila kuwaza lolote kati ya hayo, na mnara ukiondoka hatakuwa na sababu ya kuyawaza kabisa. Jina la barabara ya Queensway inayopita hapo libadilishwe. Hapo sina ubishi.

Hata hivyo, malkia ninayemtetea hasa, na ninayetaka ajengewe sanamu Kampala, ni Muhumuza. Huyu, anayetajwa kuwa mjane wa Mwami (mfalme) Kigeli Rwabugiri wa Rwanda, alidai kwamba mwanawe ndiye mrithi halali wa kiti, akawakusanya wafuasi wa Nyabingi, roho iliyoabudiwa huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na kuwapinga wakoloni kwa silaha. Waingereza walimkamata Septemba 1911 akiwa amejeruhiwa, wakamleta Kampala na kumzuia huku hadi alipofariki mwaka 1945. Mwaka 1912 serikali yao ikatunga sheria ya uchawi, ambayo iliwawezesha kuwaadhibu watu wa Nyabingi kama wachawi bila kukiri kwamba walikuwa wapinzani wa utawala.

Najua nitakavyojibiwa: kwamba alikuwa Mnyarwanda na alitafuta ufalme wa mwanawe, si uhuru wa Uganda. Ni kweli, lakini mwaka huo huo wa 1911 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikuwa bado wanapima mipaka katika milima ile, kwa hiyo kumdai uraia wa nchi ambayo mipaka yake ilikuwa haijakamilika ni kumwonea. Kinachonisumbua zaidi ni jambo ambalo watu hupenda kulikwepa: mawakala ambao Waingereza waliwatumia kuitawala Kigezi walikuwa Baganda, na sanamu ya Muhumuza katika mji huu itawagusa wenyeji mahali panapouma. Ndiyo maana nasema Mengo, yaani serikali ya ufalme wa Buganda, iulizwe kwanza, na iulizwe kwa adabu, kabla KCCA haijatenga hata shilingi moja.

Mengo ikikubali, mimi ningeiweka sanamu hiyo kwenye makutano yale yale, hatua chache kutoka kwenye mnara, wala si kwenye bustani ya hoteli ambako mlinzi atamuuliza mwananchi anakwenda wapi. Watu wa Kabale, kule Kigezi, wanaoona kwamba nyumbani kwake ni huko, wala si hapa alipofungwa, nawaomba waseme.