Cheti cha SSL cha bure kina shida gani?

muuzaji_mpya: Wakuu naombeni mnieleweshe. Nina saiti ya kuuza nguo, wateja wananiambia wakifungua wanakuta imeandikwa "si salama" pale juu. Fundi anataka ninunue cheti cha bei mbaya, eti cha bure hakilindi kitu. Kweli?

kibodi_chakavu: Hapo unapigwa mchana kweupe. Kuna shirika linaitwa Let's Encrypt, wanatoa bure tangu 2015 na usimbaji, yaani kufumba data isisomeke, ni ule ule. Kazi ya cheti ni kuihakikishia brauza kwamba inaongea na seva (kompyuta inayobeba saiti) yenye jina lile kweli, halafu wanakubaliana ufunguo wa siri na kila kinachopita kinafumbwa, kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye waifai moja na mteja wako ataona kaingia saiti yako basi, paswedi haoni, namba ya kadi haoni, hata amefungua nguo gani haoni. Bila hicho anasoma vyote, na akiamua anabadilisha namba ya malipo kwenye ukurasa wako wakati ukurasa huo uko njiani kwenda kwa mteja, wewe kwako unaona kila kitu kiko sawa.

mzee_wa_seva: Cha kulipia nacho kina maana yake, kuna aina wanakagua kama kampuni imesajiliwa kweli, ila mteja hawezi kujua mpaka abonyeze aingie ndani kusoma, na nani anafanya hivyo? Halafu msimjaze mtu imani ya kufuli, ile alama ya kando ya anwani kwenye brauza. Tapeli naye anachukua cheti cha bure, anasajili jina linalofanana na lako amezidisha herufi moja tu, kufuli linawaka kama kawaida. Chrome wenyewe waliliondoa 2023 wakaweka alama ya mipangilio.

muuzaji_mpya: Duh. Sasa hiki cha bure kinakaa muda gani?

kibodi_chakavu: Siku 90, kwa hiyo weka kijihuishe chenyewe, hosti nyingi (kampuni zinazokuhifadhia saiti) zina hiyo kitu. Kikiisha brauza inamwekea mteja onyo skrini nzima, hapo hata aliyekuwa keshajaza kikapu anasepa. Hata vya kulipia vinafupishwa, kufikia Machi 2029 mwisho ni siku 47, kwa hiyo fundi anayehuisha kwa mkono atateseka sana.

mzee_wa_seva: Na mwambie fundi aelekeze anwani zote za http (zisizofumbwa) ziende https (zinazofumbwa), maana mtu akifuata linki ya zamani lile neno "si salama" atalikuta palepale.