Wakuu, safari za kwenda kwenye nyota zinawezekana kweli? Kijana wangu hanisikii

Baba Kulwa:
Habari za jioni wanajukwaa. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), kafaulu vizuri. Ghafla anataka fizikia, eti siku moja atengeneze vyombo vya kwenda kwenye nyota nyingine. Sisi nyumbani tulishajua ni udaktari. Anayejua aniambie kama sayansi yenyewe imelikataa jambo hilo, nimwonyeshe aachane nalo. Nina haraka kidogo, usingizi umekata.

Mtambo Mkavu:
Mkuu, sayansi haijakataa, imeweka bei. Nyota ya karibu zaidi baada ya Jua ni Proxima Centauri, miaka nuru 4.24, kama kilomita trilioni 40. Chombo cha anga cha Voyager 1 kiliondoka 1977 na kinakimbia karibu kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa Proxima ungekichukua miaka kama 75,000. Ukitaka kufika ukiwa hai lazima uisogelee kasi ya mwanga, na hapo ndipo kwenye balaa. Kupandisha kilo moja hadi asilimia 80 ya kasi hiyo kunakula nishati ya karibu mabomu elfu moja ya Hiroshima. Kilo moja! Na punje ya vumbi ya miligramu moja ikikugonga humo njiani ni sawa na mlipuko wa tani 14 za TNT. Bado hujahesabu nishati ya kupunguza mwendo ukifika.

Mama Shughuli:
Hayo ya trilioni yananipita. Wa kwangu nilimlazimisha uhasibu. Alisoma, akamaliza, cheti akaniwekea mkononi: "Mama, hiki chako." Leo anafuga kuku Kibaha na simu zangu anapokea anapojisikia. Mzee wangu, mtoto haswagwi.

Kijiwe cha Kahawa:
Udaktari kwanza. Wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, yeye anawaza Proxima! Mbingu zina mwenyewe, tuziache.

Mtu wa Malindi:
Tusidharau. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa kwetu, ikaenda kuchunguza eksirei za angani. Marehemu babu alikuwa mvuvi, hadithi ya ule moshi alitusimulia mpaka tukaikariri. Waliotengeneza chombo kile nao walikuwa na wazazi.

Mtambo Mkavu:
Baba Kulwa, haraka ya nini? Hujasema.

Baba Kulwa:
Dirisha la kuthibitisha chuo linafungwa Ijumaa.

Mama Shughuli:
Si athibitishe mwenyewe?

Baba Kulwa:
Namba ya kuthibitisha ilikuja kwenye simu yangu. Nimeshaiingiza, udaktari. Yeye hajajua. Lakini mnielewe, nafasi ile wangapi wanaililia? Asome udaktari, hizo nyota atazisoma usiku. Pacha wake Kulwa kakubali ualimu bila maneno. Huyu Doto ananiletea daftari, chombo kinakwenda asilimia 80 ya kasi ya mwanga: 0.8 mara 0.8, katoa kwenye 1, imebaki 0.36, kipeuo cha pili 0.6. Chini yake kaandika kwenda Proxima na kurudi ni miaka 10.6 duniani, 6.4 chomboni. Halafu umri wa kila mtu siku ya kurudi: "Kulwa 31, mimi 26, baba 63."

Nimekaa Pale:
Chai hiyo! Pacha mmoja anaenda nyotani anarudi kijana, aliyebaki kamzidi umri. Mfano huo umo kwenye vitabu vya fizikia tangu zamani. Mleta uzi kauokota, kauvisha majina ya Kulwa na Doto. Wasimamizi, hamishieni jukwaa la hadithi.

Baba Kulwa:
Ndugu, mapacha nilipewa na Mungu, sikuwatoa kitabuni. Huo mfano Doto kaupenda kwa sababu na yeye ni pacha. Daftari ni lake, siwezi kulianika hapa.

Kijiwe cha Kahawa:
Hata kama ni chai, ina sukari. Nauliza tu, mshahara wa aliyeko chomboni unahesabiwa kwa saa ya nani?

Mtambo Mkavu:
Iwe chai isiwe chai, hesabu ya daftari iko sawa. Na saa ya anayesafiri kupishana na ya aliyebaki kumeshapimwa. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria, zikarudi zimepishana na zilizobaki, kama nadharia ilivyotabiri. Saa za setilaiti za GPS zinazomwongoza bodaboda wako zinarekebishwa maikrosekunde 38 kwa siku, kwa ajili ya mwendo wao na mvutano wa Dunia. Mzee, Proxima mimi na wewe hatutaona mtu akienda. Hata Starshot, mradi uliotangazwa 2016, ulilenga vyombo vya uzito wa gramu tu, kwa asilimia 20 ya kasi ya mwanga. Ila Doto hajaomba tiketi ya Proxima, kaomba kusoma fizikia. Uliza chuoni kama uthibitisho unaweza kubatilishwa kabla ya Ijumaa.

Baba Kulwa:
Nikibatilisha, nafasi ikapotea, mwakani akabadili mawazo, nitamlaumu nani?

Mama Shughuli:
Yupo nyumbani?

Baba Kulwa:
Yupo uani, anaosha vyombo na mwenzake.

Mama Shughuli:
Basi weka simu chini, mzee wangu, umwite. Mrejesho tunausubiri.

Nimekaa Pale:
Na picha ya daftari, Doto akikubali.